Mji wa Mtutuma

Jumamosi ile nilikuwa naenda kumuua zimwi mbele ya mji mzima, na nilikuwa nimenunua viatu vipya kwa ajili hiyo.

Usinishangae. Mimi ni mtambaji katika Jumba la Ngano hapa Tabora, na mtambaji ndiye anayefungua hadithi na ndiye anayeifunga. Zimwi lenyewe nililitunga mimi: urefu wa tangi la maji, jicho moja katikati ya paji, na tumbo linalonguruma hata likiwa limeshiba. Nikamwita Mtutuma. Unatunga kitu, unajivunia, unakiua, unatunga kingine. Ndiyo kazi, na mimi kazi yangu naipenda mpaka naona aibu kulipwa.

"Dada Kalunde, tumeunganishwa!" Mihayo, fundi wetu wa mtambo, alinijia mbio nyuma ya jukwaa, waya zimemning'inia shingoni. "Pazia lote liko wazi kwetu. Kila mwenye miwani Tabora nzima atamwona Mtutuma akianguka, hata kama yuko jikoni anasonga ugali."

"Weee! Mji mzima?"

"Mji mzima, dada. Leo hata mama yangu ataamini kwamba nina kazi."

Pazia ni ile picha ya mji inayolala juu ya mji. Ukivaa miwani unaona jina la mtaa likielea hewani, unaona foleni ya hospitali imefika wapi, na pale barabara inapokatiza reli unaona mstari mwekundu treni inapokaribia. Zamani watu walitazama kulia na kushoto. Siku hizi tunautazama mstari, basi, na maisha yanakwenda.

"Ila usiropoke," Mihayo akaongeza, kidole juu. "Mtambo unaitii sauti yako tu. Ukisema kitu ndani ya hadithi, kimekuwa."

"Nani kakwambia mimi huropoka?"

Akacheka, akarudi kwenye mitambo yake bila kujibu. Mshenzi yule.

Alichosema ni kweli lakini ni nusu ya kweli. Nikisema mto, mto unatiririka katikati ya viti na watoto wanainua miguu wasilowe. Hiyo ni sauti yangu. Nusu ya pili ni wao. Kila mtoto anapoitika, anapocheka, anapomtukana Mtutuma vitusi vyake vidogo, mtambo unakichukua kile kiitikio na kukitia ndani ya zimwi, na humo kinakaa. Siku ya kwanza Mtutuma alijua kunguruma tu. Sasa alikuwa anajua nani kang'oka jino, nani kahama shule, nani anaogopa giza lakini hataki dada yake ajue. Mimi sikumfundisha lolote kati ya hayo.

Na kuna kanuni moja ambayo Mihayo aliitia mwenyewe, baada ya siku moja watoto kuangua kilio kwa sababu tulifunga hadithi kabla hawajapewa jibu la kitendawili. Tangu hapo mtambo haufungi hadithi yenye kitendawili ambacho hakijateguliwa. Ubofye, ubembeleze, utukane, unagoma.

Aliyeamua Mtutuma afe ni mkurugenzi wetu, Bi Wande. "Watu wamemzoea," aliniambia. "Zimwi likishazoeleka si zimwi, ni jirani. Funga, tulete jipya." Hadithi ikifungwa, viumbe wake wote wanafutwa, hakuna kinachobaki. Nilikubali. Tena nilikubali upesi, maana hilo jipya nalo ningelitunga mimi.

*

"Mpo?" niliita katikati ya ukumbi.

"Tupo! Tufungulie!"

Lo, sauti ile! Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, akina mama na watoto mapajani, vijana waliosema wamewasindikiza wadogo zao lakini wamekaa mbele kabisa. Nikafungua. Pango likafunguka, moshi ukatambaa sakafuni, shujaa wetu wa mwanga akainua mkuki, na Mtutuma akatoka akinguruma mpaka vifua vyetu vikatetemeka. Nilikuwa na raha isiyosemeka. Nikainua mkono kutamka pigo la mwisho.

Mtutuma akakaa chini.

Hakuanguka. Alikaa, kama mtu anayekaa kwenye mkeka, akakunja miguu yake mikubwa, akasema, "Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika.

Na mimi niliitika! Mtu akikwambia kitendawili utafanyaje? Mdomo umeshasema kabla akili haijafika. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo nikamwona Mihayo ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi sikumwelewa bado.

"Nina watoto elfu," akasema Mtutuma, "sijazaa hata mmoja. Wakinyamaza, nafa."

Ukumbi ukalipuka. "Mwalimu!" Akatikisa kichwa. "Kengele ya shule!" Hapana. "Redio!" "Mzinga wa nyuki!" "Spika ya msikiti!" Hapana, hapana, hapana, na kila hapana watoto wanaruka juu ya viti. Hakuna sinema iliyowahi kuwafanyia vile. Nami nimesahau mkuki, nimesahau pigo, nasimama pale natafuta jibu kama mwehu.

"Mmeshindwa," akasema. "Nipeni mji."

"Nakupa Urambo!" mtu akapaza sauti.

"Siutaki."

"Nakupa Dar es Salaam!"

"Joto."

Watu hoi kwa kicheko. Wakampa Kigoma, akaikataa. Wakampa Arusha, akasema atavaa nini na baridi ile. Basi nami, jamani, nami damu imenichemka, utamu umenipanda kichwani, nikapiga hatua mbele na viatu vyangu vipya nikasema kwa sauti yangu yote:

"Haya, bingwa! Nimekupa Tabora!"

Jicho lile moja likanigeukia. Halikuwa na hila. Lilikuwa na shukrani, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Nimekwenda Tabora," akasema, na jukwaa likabaki tupu.

*

Mihayo alinieleza tukiwa tunakimbia. Mtambo unaitii sauti ya mtambaji, mtambaji kasema zimwi amepewa mji, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mtambo ulikuwa na mji wa kumpa.

"Kalishika Pazia lote, dada. Majina ya mitaa, foleni za hospitali, kila kitu kimezimika. Kilichobaki ni yeye tu, na mji ukishautoa, hata sauti yako haiurudishi."

"Si uifunge hadithi?"

"Nitaifungaje? Kitendawili chake hakijapata jibu! Kapokea mji, jibu kalikalia. Kanuni yangu mwenyewe imeniziba mdomo."

"Zima mtambo wote, basi."

"Ngano zote za shule za mkoa ziko humo. Nikizima hivi zinapotea zote."

Nikasimama kidogo nivute pumzi na kuvaa miwani. Niseme ukweli? Niliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka, nacho kilikuwa furaha. Zimwi langu lilikuwa limekata tiketi lenyewe.

Na mji ulikuwaje! Pale sokoni wauza karanga walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wanamwelekezea vidole. Mtutuma alikuwa amepita, wakasema, kachungulia kila kibanda, kamtegea mama mmoja muuza dagaa kitendawili kingine, na mama yule kakitegua, akamwambia zimwi aende kwao akasome kwanza. Vinyozi wametoka na mikasi mkononi. Babu mmoja alikuwa ameazima miwani ya mjukuu wake na hataki kuirudisha. "Hii ndiyo ngano!" alikuwa anawaambia watu. "Ile ya kukaa kwenye viti ilikuwa nini?" Sijawahi kuona Tabora imechangamka hivyo, hata siku ya sikukuu.

"Kaelekea relini," mtu akatuambia. "Watoto wote wako naye."

Furaha yangu ikakatika pale pale.

*

Alikuwa amekaa juu ya reli, pale inapokatizwa na barabara. Hakuchagua pabaya kwa makusudi; alitafuta uwanja, na pale ndipo palipokuwa wazi. Watoto walimzunguka, wengine wameketi kwenye mataruma ya reli, na nyuma yao watu wazima, miwani usoni, wanacheka. Hakuna aliyeona mstari mwekundu kwa sababu haukuwepo. Pazia lilikuwa limejaa Mtutuma.

Mihayo alikuwa na simu sikioni. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Treni ya mizigo inatoka Kigoma. Dereva kapigiwa, kashika breki, lakini mabehewa yale hayasimami kama baiskeli."

Nikakimbilia katikati yao. "Treni inakuja!" nikapiga kelele. "Ondokeni! Treni inakuja!"

"Inakujaaa!" wakaitika watoto, wamefurahi, mikono juu.

Ee Mungu wangu. Walikuwa wamezoea kuniitikia. Nilikuwa mtambaji, nimevaa nguo ya jukwaani, na kila nitakalosema ni ngano. Nikamshika mtoto mmoja mkono kumvuta, akadhani ni mchezo, akajifanya mzito. Wenzake wakamshika upande wa pili. Ardhi ikaanza kutetemeka, na honi ikalia mbali.

"Tumbo la Mtutuma!" wakapiga makofi. "Ana njaa!"

Hapo nikakielewa kitendawili. Watoto elfu ambao hakuwazaa, na wakinyamaza anakufa. Ni yeye mwenyewe. Alijua kwamba baada ya Jumamosi ile hakuna mtu ambaye angemwitikia tena, akaamua kwenda kuwatafuta wa kumwitikia. Asingekuwa na akili hiyo kama watoto hawa hawa wasingempa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilitamke, kitendawili kimeteguliwa, Mihayo anafunga, Mtutuma anafutika, mstari mwekundu unarudi, watoto wanaruka. Neno moja.

"Umelipata, dada," Mihayo akasema. Aliona usoni mwangu. "Sema."

Nilifungua mdomo. Sikuweza. Nakwambia kabisa, mataruma yanatetemeka chini ya miguu yangu na sikuweza kumuua. Ila watoto nao nisingeweza kuwaacha, hata kidogo, na nilijua kwamba pumzi moja zaidi na ningelisema.

Ndipo nikamgeukia yeye.

"Kitendawili!" nikasema.

Mtutuma akashtuka. Aliumbwa kwa viitikio, mtu yule; angefanya nini kingine? "Tega!"

Sikuwa na kitendawili. Vyote ninavyovijua anavijua. Nikatamka kilichokuja, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni ili tumpore mwenzetu mji: unapanga maneno yenye mlio mzuri, jibu huna, na uso unaukaza.

"Kwetu kuna mlango. Anayeingia hatoki, na aliyetoka hakuingia."

"Kaburi," akasema haraka.

"Nani katoka kaburini bila kuingia? Umeshindwa. Nipe mji!"

Honi ikalia tena, karibu, na safari hii Mtutuma alisikia kwamba si tumbo lake. Akawatazama watoto wale waliokaa kwenye chuma. Sikuwa nimempa nafasi ya kubahatisha tena, lakini angeweza kuidai. Haki yake ilikuwa.

"Nina mji mmoja tu," akasema.

"Najua, baba."

"Nimekupa Tabora."

Akapotea. Majina ya mitaa yakarudi hewani, foleni za hospitali zikarudi, na pale miguuni mwetu mstari mwekundu ukawaka upana wa barabara nzima na king'ora kikatoboa masikio. Loo, watu waliruka! Mama aliyekuwa na watoto wawili kwapani aliruka nao kama hana mzigo. Mihayo alibeba mmoja, mimi nikabeba mwingine, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye taruma. Treni ikapita juu yake ikipiga breki, cheche zinaruka, ikasimama mbele huko imeshapita watu wote.

Wote tulikuwa pembeni. Nilihesabu vichwa mara nyingi, kila mara nikilia, kila mara natosheka.

*

Tuliporudi ukumbini Mtutuma alikuwa jukwaani, amekaa palepale. Bi Wande naye alikuwepo, amesimama mbele ya kioo cha mitambo na mkoba kwapani, uso umekunjamana.

"Yule mtu wa treni amepiga simu, mkuu wa mkoa amepiga simu," akasema. "Kalunde mwanangu, sina hasira na wewe, lakini leo nusura tuzike. Mfunge."

"Kitendawili chake bado, mama," Mihayo akasema.

"Hapana," akasema Mtutuma. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mwili ule. "Niliuchukua mji bila kulipa jibu. Si haki. Jibu ni mimi."

Ukumbi mtupu, hakuna aliyeitika. Alikuwa amejivua ngao yake mwenyewe, kwa hiari, kwa sababu ndivyo mchezo unavyochezwa na hataki kuonekana mwizi. Nilimwonea huruma.

"Haya," Bi Wande akasema taratibu. "Mihayo, funga."

Mihayo akabofya. Mtambo ukatoa ule mlio wake wa kukataa.

"Nini tena?"

"Kitendawili cha dada Kalunde," Mihayo akasema, na nikaona anajizuia kucheka. "Cha mlango. Hakijateguliwa."

Bi Wande akanigeukia. "Umeshapewa mji. Toa jibu."

Mungu anisamehe, kichwa changu kilifanya kazi siku hiyo kuliko siku zote. "Nimepokea Tabora, mama, nashukuru. Lakini kile kitendawili ni kizito. Ni cha miji miwili."

"Miji miwili!"

"Mtegaji ndiye anayepanga bei. Hata wewe utotoni ulipanga."

Kwa hasira akauinua mkono: "Nakupa Dodoma!"

"Wewe hukuitika 'tega', mama. Aliyetegewa ni Mtutuma. Yeye ndiye anayedaiwa."

"Na Mtutuma ana mji gani?"

"Hana," akasema Mtutuma, na tumbo lake likanguruma taratibu. "Sina hata kijiji."

Bi Wande alikuwa mtoto wa Sikonge, alikulia kwenye vitendawili kama sisi, na alijua amekwama kihalali. "Asiunganishwe tena na Pazia," akasema mwishoni. "Asikanyage nje ya ukumbi huu. Nimeeleweka?"

"Sana, mama."

Alipotoka nilimsikia mlangoni akijisemea, "Anayeingia hatoki... Mlango gani huo?"

*

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuua. Lakini kabla ya hapo, katikati ya wiki, nikiwa naosha vyombo, sahani ilinitoka mkononi. Kile kitendawili changu cha uongo kilikuwa na jibu. Mlango ambao anayeingia hatoki, na aliyetoka hakuingia. Msikilizaji anaingia ndani ya ngano, na mpaka leo yumo. Mtutuma katoka mpaka relini, na hakuwahi kuingia. Alizaliwa humo humo. Nikaokota vipande vya sahani na mdomo wangu nimeufunga, na ukumbini umefungwa mpaka sasa.

"Mpo?" niliita.

"Tupo! Tufungulie!"

Kabla sijafungua chochote, msichana mmoja wa safu ya pili akasimama juu ya kiti. Alikuwa mmoja wa wale wa relini.

"Mtutuma!" akasema. "Mimi nimesikia unadaiwa mji. Nakupa Nzega, kwa bibi yangu. Nenda ukalipe."

Mtoto yule alikuwa anampa zawadi kwa moyo wote. Akiipokea, mji wa pili umepatikana, na mimi sitakuwa na kisingizio.

Mtutuma akaniangalia, jicho lile moja, na nikajua kwamba naye amelipata jibu. Pengine alikuwa nalo tangu relini.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Siutaki."

"Kwa nini?"

"Bibi yako anapika mlenda kila siku."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mimi nakupa Igunga!" mwingine akapaza sauti. "Siutaki!" "Kahama!" "Siutaki, kuna vumbi!" "Mwanza!" "Samaki watanikimbia!" Wakaendelea, kila mmoja na mji wake, mpaka na wale vijana waliojifanya wamewasindikiza wadogo zao wakawa wamesimama wanapiga kelele, na yeye anaikataa yote, anaikataa na kunguruma kwa raha. Nami nikakaa ukingoni mwa jukwaa na ndala zangu, machozi yananitoka kwa kucheka, nikaanza na mimi kumtajia miji.